Kambare wananikatia mshipi kila mara, shida ni unene au ni mimi?

mshipi_mrefu

Wakuu habari zenu. Naombeni msaada maana hii kitu inaniumiza kichwa kweli. Mwezi huu peke yake kambare watatu wameondoka na ndoana zangu na wote walikuwa wakubwa, yaani ule uzito ukishausikia kwenye fimbo unajua kabisa hapa kuna samaki. Natumia mshipi wa nailoni wa milimita 0.35, kwenye boksi wameandika kilo 9, ndoana naifunga moja kwa moja kwenye mshipi huohuo, chubwi (ile risasi ya kuzamisha chambo) nalibana juu yake kama futi moja hivi, chambo minyoo mara nyingi. Navua usiku, nipo ukingoni mwa mto, sina mtumbwi.

Huyu wa mwisho ndo kaniuma zaidi. Alivuta taratibu, nikamkazia, akaenda chini kama jiwe, nikahangaika naye kama dakika kumi hivi mpaka nikamuona kabisa kichwa kimetokeza juu ya maji, kipana, ndevu zimetanda, nikaanza kuinama nimshike, alafu akajipindua mara moja tu, paa, fimbo ikawa nyepesi. Nilikaa pale nimeshika fimbo sijui hata nianzie wapi.

Sasa nataka kununua mshipi mwingine ila nashindwa kuamua. Kuna wanaoniambia chukua nailoni nene, 0.50 au hata 0.60, wengine wanasema achana na nailoni chukua ule wa kusukwa ni mwembamba ila nguvu yake mara dufu, mwingine kaniambia fluorokaboni ndo kila kitu. Mnaovua kambare mnatumia nini? Na kitu kingine nisichoelewa, kilo 9 inakatikaje na samaki ambaye kwa macho yangu hafiki hata kilo 6?

Ndoana6

Pole sana mkuu, kambare akiondoka ameshatoa kichwa inauma kuliko yule ambaye hukumuona kabisa.

Kabla hujanunua chochote, ule mwisho wa mshipi uliokatika bado upo kwenye rili, kile kifaa cha kuzungushia mshipi? Kama upo usiukate, usiutupe. Nenda kwenye mwanga mzuri uuangalie, alafu uupitishe polepole kati ya kucha ya dole gumba na kidole cha shahada. Ule mwisho unakwambia wenyewe nini kimetokea. Kama umejikunja kunja kama springi ya kalamu, basi haukukatika, fundo liliteleza likafunguka. Kama umekonda, umevutika ukawa mwembamba kwenye ncha, basi umezidiwa nguvu, hapo ni breki ya rili, ile inayoamua mshipi utoke kwa nguvu kiasi gani samaki akivuta, umeikaza mno au umemvuta kwa papara. Kama umekatika safi kama kwa kisu, ni kitu chenye makali, jiwe au ganda la kome. Na kama una weupe weupe na ukiupitisha kwenye kucha unakwaruza, umesagwa, yaani umelika kidogo kidogo mpaka ukaisha.

Nakwambia hivi kwa sababu mie mwanzoni kila nikikatiwa naongeza unene, nikatoka 0.35 nikaenda 0.45, nikafika mpaka 0.60, mshipi mgumu kama waya haurushiki hata hatua ishirini, na bado wakawa wanaondoka. Kumbe muda wote fundo langu lilikuwa bovu, nalikaza kavu. Siku nilipookota ule mwisho nikaona umejikunja kama springi ndo nikaelewa. Misimu miwili nzima nimepoteza kwa kutoangalia kitu ambacho kiko mkononi mwangu.

Na utuambie pia, chubwi lilirudi au liliondoka naye?

mshipi_mrefu

Asante mkuu, sikuwahi kufikiria kuangalia. Chubwi lilirudi. Nimeenda kuchukua fimbo sasa hivi nimewasha tochi. Kutoka kwenye chubwi kushuka chini kimebaki kipande, nikipima ina maana umekatika kama upana wa kiganja tu juu ya ndoana. Haujajikunja. Ncha yake ina vinyuzi vyeupe kama pamba, na hicho kipande chote nikipitisha kucha kinakwaruza, kuna sehemu nahisi kabisa kimepungua. Ila sasa kuna kitu kingine nimekiona, hata juu ya chubwi, kama mita tatu au nne huko juu, nako kuna mikwaruzo midogo midogo. Huko samaki kafikaje?

bi_chambo

Basi hapo jibu la kwanza umeshalipata, kakusagia kwa mdomo.

Watu wengi wanadhani kambare hana meno kwa sababu ukimfungua mdomo huoni meno yale marefu ya kutisha. Siku ukimpata, mshike taya ya chini na upitishe dole gumba ndani ya mdomo taratibu, utaona. Kuna utepe wa meno madogo madogo mengi sana, juu na chini, yamesongamana kama msasa wa fundi seremala. Hayakati kwa mara moja, yanasaga. Sasa wewe umefunga nailoni ya 0.35 moja kwa moja kwenye ndoana, ndoana iko ndani ya mdomo, dakika kumi anatikisa kichwa na mshipi unapita juu ya msasa huo kwenda na kurudi, unategemea nini kibaki? Ile kilo 9 ilikuwepo dakika ya kwanza. Dakika ya kumi pengine imebaki kilo 2, na kule kujipindua ndo kumemalizia.

Na hilo la kujipindua nalo ni hatari peke yake. Kambare ana miiba kwenye mapezi ya kifuani, mwiba mmoja kila upande, na kambare wengi huo mwiba una vijino kama msumeno na anaweza kuusimamisha ukajifunga usirudi nyuma. Akijiviringisha mshipi unamzunguka kichwani na unapita kwenye huo mwiba. Kwa hiyo ukiona mkwaruzo sentimita 30 au 40 juu ya ndoana usishangae, ni mwili wake huo.

Dawa yake siyo kubadilisha mshipi wote. Weka kipande cha mbele, wengine wanaita lida, cha nailoni nene. Mie natumia milimita 0.80, kwa wakubwa zaidi 0.90, urefu kama sentimita 60 hivi, upande mmoja ndoana, upande wa pili kile kichuma cha kuzunguka, swiveli, na mshipi mkuu unafungwa upande mwingine wa swiveli. Ni hicho kipande tu ndo kinakutana na mdomo na miiba. Na usiogope kwamba samaki ataona uzi mnene akimbie, kambare hatafuti chakula kwa macho, anatafuta kwa harufu na kwa ladha, zile ndevu zake zinaonja, na hata ngozi ya mwili wake inaonja. Usiku kwenye maji ya tope ukiweka 0.80 au 0.30 kwake ni sawa.

Ndo maana pia fluorokaboni kwa kambare sioni sababu yake. Sifa yake kubwa ni kutoonekana kwenye maji masafi. Kweli ni ngumu na inazama haraka, lakini nailoni nene inafanya kazi ileile.

msuko_0.30

Mimi nitatofautiana kidogo na wote. Achana na nailoni kabisa kwenye rili mkuu, weka mshipi wa kusukwa. Huu wangu ni 0.30 na unabeba zaidi ya kilo 20, nailoni ya nguvu hiyo ingekuwa nene mara mbili. Alafu hauvutiki kabisa, kambare akigusa tu chambo unahisi mkononi, na akikimbilia kwenye visiki unaweza kumgeuza palepale, maana ukivuta wewe naye anavutika, siyo unavuta mshipi unarefuka kama mpira. Nimehama toka nailoni muda mrefu na sirudi.

Ndoana6

@msuko_0.30 sikupingi kuhusu nguvu ya kuvuta, uko sahihi, na kwenye visiki nakubaliana na wewe. Ila tumwambie ndugu yetu na upande wa pili asije akanunua akalia tena.

Mshipi wa kusukwa ni nyuzi nyembamba sana za polithini zimesukwa pamoja. Ukivuta moja kwa moja ni imara kweli kweli, lakini uguse kwenye ukingo wa jiwe huku umekazwa, zile nyuzi zinakatika moja baada ya nyingine na hupati onyo lolote, unaachia mara moja. Nailoni ya nguvu ileile kwa kuwa ni nene ina nyama ya kulika, inachubuka lakini inabaki. Kwa hiyo mto wenye mawe na kome chini, mshipi mkuu wa kusukwa utakukata. Mto wa tope na mizizi, sawa.

Na kule kutovutika ni faida na ni hasara. Nailoni inavutika vizuri tu kabla ya kukatika, wanasema kama asilimia 20 hivi na zaidi, huo mvutiko ndo unaomeza mishtuko. Kambare akiwa mita mbili kutoka ukingoni akajipindua ghafla kama yule wa kwako, mshipi wa kusukwa hauna pa kumezea, mshtuko wote unaenda kwenye fundo, kwenye ndoana, au unapasua mdomo wa samaki.

Kama utaufunga, mambo matatu. Anza na nailoni mizunguko michache chini kwenye rili, la sivyo mshipi wote unazunguka wenyewe kwenye spuli, ile sehemu ya rili mshipi unapokaa, na utadhani breki imekufa. Usiuzungushe mkononi kamwe ukinasa kwenye kisiki, unakata nyama mpaka mfupa, zungusha kwenye kipande cha mti ndo uvute. Na fundo la kawaida la kuzungusha zungusha linateleza kwenye huu uzi, tumia Palomar: kunja mshipi uwe wa mara mbili, pitisha hicho kitanzi kwenye tundu, funga fundo la kawaida bila kukaza, alafu pitisha ndoana yote ndani ya kitanzi, lowesha, vuta pande zote pamoja. Ni fundo rahisi na linashika hata gizani.

Na hata ukitumia wa kusukwa kile kipande cha mbele cha nailoni cha bi_chambo kinabaki palepale. Ukiufunga kwenye ndoana moja kwa moja ule msasa wa mdomoni utaumaliza.

msuko_0.30

Hapo kwenye lida nakubali, naweka 0.80 pia, nilisahau kusema.

mzee_wa_kingo

Vijana mmesema vizuri, ila kuna neno moja la huyu kijana limenigusa, amesema "nikamkazia". Mwanangu, ulikaza nini, fimbo au breki?

Uliuliza kilo 9 inakatikaje na samaki wa kilo 6. Kwanza, samaki majini hana uzito, maji yanambeba. Kinachokata ni mshtuko. Pili, ile namba ya kwenye boksi ni ya mshipi mpya, mkavu, usio na fundo, unavutwa polepole kwa mashine. Nailoni ikilowa inanywa maji na inapungua nguvu kidogo. Fundo zuri nalo linapunguza, fundo baya linapunguza mpaka nusu. Angalia pia kama kwenye mshipi wako kuna vile vifundo vidogo vinavyojifunga vyenyewe wakati wa kurusha, kila kimoja ukikiacha umeshapoteza karibu nusu ya nguvu na hujui. Na nailoni ikikaa juani msimu mzima inachoka, inakuwa kavu na dhaifu, hata kama haijawahi kugusa samaki.

Kwa hiyo breki ya rili usiifunge kwa kukisia. Chukua mizani ya kuning'iniza, funga mshipi, shika fimbo kama unavyoshika ukiwa na samaki, mwenzio avute mizani mpaka rili ianze kutoa. Isome pale. Kwa mshipi wa kilo 9 inatakiwa itoe kati ya kilo mbili na robo na tatu, yaani robo mpaka theluthi ya nguvu ya mshipi. Ukipima mara ya kwanza utaona ni ndogo sana, utadhani samaki ataenda zake. Haendi. Anachoka.

Alafu ukishaweka usiiguse katikati ya mapambano. Tena jua kwamba samaki akivuta mshipi mwingi, spuli inapungua unene na breki inakuwa nzito yenyewe bila wewe kugeuza kitu. Spuli pamoja na mshipi uliobaki juu yake ikifika nusu ya unene wa mwanzo, nguvu ya kuutoa mshipi inakuwa mara mbili. Sasa kijana akiona samaki anaenda mbali anaingiwa na hofu anakaza, kumbe imeshajikaza. Hapo ndo unasikia paa.

Na anapofika karibu ndo ulegeze mkono, siyo breki, usikaze. Mshipi ukiwa mfupi nje hauna mvutiko wa kutosha kumeza kishindo. Mpe nafasi ya kujipindua, akimaliza mvute tena. Usiinue fimbo ikasimama wima kabisa mbele yake, iache ilale kidogo upande ili ipinde na ifanye kazi yake.

mshipi_mrefu

Mzee shikamoo, nilikaza breki. Kweli kabisa. Nilipomuona kichwa niliogopa atanitoka nikageuza kile kitufe mpaka mwisho. Nashukuru sana, hilo sikulijua.

Bado naomba msaada wa ile mikwaruzo ya huko juu, mita tatu mpaka nne.

bi_chambo

Nilitaka kukurudia kwenye hilo. Ukiwa umerusha na unasubiri, ile sehemu iko chini mtoni, inaweza kuwa jiwe. Lakini kabla ya kulaumu mto angalia pete za fimbo, hasa ile ya ncha kabisa. Chukua kipande cha pamba, kipitishe ndani ya kila pete ukizungusha pande zote. Pamba ikinasa nyuzi, pete ina ufa au imekatika kidogo. Macho hayaoni ufa huo, pamba inauona. Fimbo ikianguka mara moja tu kwenye jiwe inatosha, na kuanzia hapo kila ukirusha na kila ukivuta unajikatia mshipi mwenyewe.

Na umesema chubwi unalibana kwenye mshipi. Unabana kwa nini, koleo? Hapo unapobana unauponda mshipi, ni sehemu dhaifu umejitengenezea. Usibane kwa meno pia, risasi ni sumu. Tumia chubwi lenye tundu liteleze juu ya swiveli, na weka ushanga mdogo kati ya chubwi na fundo ili lisiwe linaligonga. Kama mto wako una visiki vingi, lining'inize chubwi kwa uzi dhaifu pembeni, likinasa unapoteza chubwi peke yake, samaki anabaki.

mshipi_mrefu

Jamani.

Pamba imenasa. Pete ya ncha, upande wa chini, imebakisha nyuzi mbili tatu. Nimeangalia kwa tochi karibu kabisa ndo naona kaufa kadogo kama unywele. Nakumbuka kabisa siku fimbo ilipoanguka, ilikuwa imeegemea jiwe upepo ukaisukuma, nikaiokota nikafuta tope nikaendelea kuvua.

Kwa hiyo nitabadilisha pete, mshipi mkuu naongeza kidogo tu mpaka 0.45 maana mto wangu una mawe, na lida ya 0.80. Kuna kitu nimesahau?

Ndoana6

Fundo kwenye 0.80. Nailoni nene haikazi vizuri kwa fundo la kawaida. Pitisha kwenye tundu, laza sambamba na shina la ndoana, zungusha mara sita au saba kuzunguka shina, rudisha ncha ndani ya mizunguko. Lowesha kwa mate kabla ya kukaza, kila fundo, kila mara, kwa sababu nailoni kavu ikijisugua wakati wa kukaza inapata joto na inaungua pale pale. Alafu lijaribu, tundika ndoana kwenye kitu imara uvute kwa nguvu. Bora likukatikie nyumbani.

mshipi_mrefu *(wiki mbili baadaye)*

Wakuu nimerudi. Jana usiku nimempata. Mizani ilisoma kilo 7 na gramu kidogo.

Nilifanya kama mzee alivyosema, breki nilipima kwa mizani na sikuigusa hata mara moja, ingawa mkono ulikuwa unataka sana. Alichukua mshipi mara nne. Alipofika karibu akajipindua vilevile kama yule wa kwanza, rili ikalia ikatoa kama mita moja na nusu, nikasubiri, nikamrudisha, mara ya tatu akalala ubavu.

Kitu ambacho nimekishangaa ni lida. Ilikuwa mpya kabisa nimeifunga jioni ileile, na sasa hivi ninayo mkononi, kutoka kwenye ndoana kwenda juu karibu sentimita 15 imekuwa nyeupe yote, ukiipitisha kucha inakwaruza kama ile ya kwanza, ila kwenye unene wake umebaki mwingi tu. Ningekuwa na 0.35 pale angekuwa ameshaondoka mapema. Nimepitisha kidole mdomoni mwake pia, ni msasa kweli bi_chambo.

Swali la mwisho, hii lida inatumika tena au natupa?

bi_chambo

Hongera sana! Nimefurahi kweli.

Kata hizo sentimita 15 zilizochubuka zote, funga ndoana upya kwenye sehemu nzima. Ikibaki fupi chini ya sentimita 30 weka mpya. Pitisha kucha kila baada ya samaki, hata mdogo, na kila ukitoka kunasa kwenye jiwe. Na vipande unavyokata usiviache ukingoni, nailoni haiozi, ndege wananasa miguu humo, viweke mfukoni uondoke navyo.

mshipi_mrefu

Viko mfukoni. Nimeshaifunga upya, leo usiku narudi palepale.

mzee_wa_kingo

Marahaba mwanangu. Pima breki tena kabla hujarusha, usiende kwa kukisia.